Takoradi: Bandari ya Gold Coast Iliyolisha Vita vya Jangwani kwa Ndege

Novemba 1940 Winston Churchill alimpelekea Arthur Longmore, mkuu wa majeshi ya anga ya Uingereza huko Cairo, ujumbe uliojaa mshangao. Hesabu alizokuwa nazo mezani zilionyesha kwamba kamandi ya Mashariki ya Kati, bila kuitia Kenya, ilikuwa na ndege zinazokaribia 1,000, marubani 1,000 na askari wa anga 16,000. Kwa nini basi ndege za kisasa zilizo tayari kupigana zilikuwa chache kiasi kile?

Longmore hakuwa amezificha. Wakati wa vita, ndege iliyoandikwa kwenye daftari inaweza kuwa bado imo ndani ya kasha, katika tumbo la meli. Inaweza kuwa imekwama Khartoum ikingoja tairi, au imevuliwa injini na kuachwa karakanani kwa sababu kipuri kimoja hakijafika kutoka Uingereza. Zote hizo zinahesabiwa. Inayoruka ni ile tu ambayo fundi ameikagua na kuitilia sahihi. Simulizi nyingi za Vita vya Pili vya Dunia hutupa marubani, na marubani wanastahili. Lakini naamini kwamba anayetaka kuelewa kwa nini Waingereza hawakufukuzwa Misri aanze na mafundi, na safari ya mafundi hao inaanzia mbali kabisa na jangwa, kwenye bandari ya Takoradi katika koloni la Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana.

Kwa nini ndege ya kwenda Misri ipitie Ghana?

Ukiitazama ramani, jambo hili linashangaza. Kutoka Uingereza kwenda Misri, njia ya mkato ni Bahari ya Mediterania: meli hupita Gibraltar, hukata bahari na kufika Mfereji wa Suez. Ndege zenyewe zingeweza kuruka juu ya Ufaransa, kutua Malta na kumalizia safari.

Ndani ya mwezi mmoja njia hizo zote zilizibwa. Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani. Siku chache baadaye Ufaransa ilisalimu amri. Katikati ya Mediterania sasa kulikuwa na jeshi la majini la Italia, na ndege za Kiitalia zilikuwa Sisilia upande mmoja na Libya upande wa pili. Ndege za mabomu zenye masafa marefu ziliweza bado kujaribu bahati yao kutoka Gibraltar hadi Malta na kuendelea Misri. Ndege za kivita za kiti kimoja hazikuweza. Hurricane, iliyokuwa tegemeo kuu la Waingereza wakati huo, ilikuwa na masafa yasiyofika kilomita 1,000 kwa matangi yake ya kawaida.

Njia ya pili ilikuwa kulizunguka bara zima la Afrika kwa meli, kupitia Rasi ya Tumaini Jema hadi Suez. Ni safari ya takriban kilomita 20,000, inayokula miezi. Tena mwisho wake ni Bahari ya Shamu, ambako Italia ilikuwa na bandari ya Massawa huko Eritrea. Jeshi linalosubiri ndege za kivita haliwezi kuishi kwa kungoja namna hiyo.

Ikabaki njia ya tatu, iliyokuwa nusu ya majini na nusu ya angani. Ndege zipakiwe melini hadi Ghuba ya Guinea, zishushwe, ziungwe, kisha ziruke zenyewe kulikata bara kutoka magharibi kwenda mashariki mpaka Mto Nile, halafu zigeukie kaskazini hadi Cairo. Safari yote ya angani ni karibu kilomita 6,000.

Wazo hilo halikuzuliwa siku ile. Mwaka 1936 shirika la Imperial Airways lilikuwa limeanzisha safari za barua na abiria kutoka Khartoum hadi Nigeria, na baadaye zikafika Gold Coast. Kwa hiyo huko Kano, Maiduguri na mahali pengine njiani tayari palikuwa na viwanja, ingawa vilitengenezwa kwa ndege ndogo za abiria zilizopita mara chache kwa wiki. Kilichokosekana ni mahali pa kushushia makasha makubwa na kuyageuza kuwa ndege.

Hapo ndipo Takoradi ilipopata nafasi yake. Gavana Gordon Guggisberg ndiye aliyesimamia ujenzi wa bandari hiyo ya kina kirefu, ikafunguliwa mwaka 1928 ili kusafirisha kakao, manganizi na mbao zilizoletwa na reli kutoka bara. Accra, mji mkuu, haikuwa na kitu cha aina hiyo: mizigo ilishushwa kutoka melini hadi kwenye mitumbwi, na wapiga makasia wakaipitisha kwenye mawimbi mpaka ufukweni. Gunia la sukari linaweza kushushwa hivyo, lakini mwili wa ndege ukiwa na injini yake hauwezi. Takoradi ilikuwa na gati, ilikuwa na kreni, ilikuwa na reli, na uwanja wa ndege ulikuwa karibu.

Mtu wa matengenezo anapewa kazi

Julai 14, 1940 kundi la kwanza la watu wapatao 25 wa jeshi la anga la Uingereza, RAF, liliteremka Takoradi. Kiongozi wao aliitwa H. K. Thorold. Ofisa huyu hakuwa shujaa wa kuangusha ndege za adui. Kwa muda mfupi kabla ya hapo alikuwa mkuu wa matengenezo ya ndege za majeshi ya Uingereza yaliyokuwa Ufaransa, na yaliyotokea Ufaransa yanaeleza mengi kuhusu uamuzi wa kumchagua yeye.

Wajerumani waliposhambulia Mei 1940, Hurricane 261 zilipelekwa Ufaransa katika siku za mwanzo za mapigano. Zilizorudi Uingereza zilikuwa 66. Mtu atadhani zilizobaki ziliangushwa zote. Sivyo. Takriban 75 ndizo zilizoharibiwa na adui, na nyingine 120 hivi ziliachwa au zikateketezwa na wenyewe kwa sababu zilikuwa zimeharibika na hapakuwa na muda, vifaa wala mahali pa kuzitengeneza kabla jeshi halijarudi nyuma. Ndege zilizopotea kwa kukosa karakana zilizidi zilizopotea kwa risasi. Takwimu hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini kambi ya matengenezo ni silaha.

Takoradi haikuwa na kitu tayari zaidi ya bandari na kiwanja. Ilibidi njia za kurukia zijengwe na kuimarishwa, barabara ikatwe kutoka gatini hadi uwanjani, mabanda ya ndege yasimamishwe, karakana, maghala ya vipuri, vyumba vya mawasiliano na nyumba za kulala. Agosti 24 kundi kubwa la askari 350 likafika. Septemba 5 meli ikaleta makasha ya kwanza, yenye ndege za mabomu aina ya Blenheim 6 na Hurricane 6. Kesho yake meli ya kubebea ndege ya Argus ikaleta Hurricane 30 zaidi. Hazijapita siku 60 tangu Thorold akanyage ardhi ile, tayari alikuwa na ndege 42 zinazomsubiri.

Kutoka kasha hadi ndege

Tuitazame kazi yenyewe kwa utulivu, maana humo ndimo yanamokaa mambo ambayo wengi huyaruka.

Hurricane iliyosafirishwa kwa kasha haikuwa ndege. Ilikuwa mwili wenye injini, mbawa zilizofungwa ubavuni, na vitu vingine vilivyofungwa pembeni, propela na sehemu za mkia zikiwamo. Kabla ya kupakiwa, vyuma vilipakwa mafuta na grisi za kuzuia kutu, kwa sababu hewa ya bahari hula chuma upesi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ilikuwa kusafisha. Grisi iliyosahaulika ndani ya mtutu wa bunduki au kwenye valvu inaweza kuleta msiba siku nyingi baadaye, mahali ambapo hakuna wa kuuliza.

Kisha mbawa zinainuliwa na kufungwa kwa bolti kwenye sehemu ya kati ya mwili. Bolti hizo ni chache na ndizo zinazobeba uzito wote ndege ikigeuka kwa kasi, hivyo kila moja hukazwa kwa kipimo na kufungwa ili isilegee. Baada ya hapo zinaunganishwa nyaya za chuma zinazotoka kwenye usukani wa rubani hadi kwenye vibao vya mbawa na mkia. Kosa la kutisha kuliko yote hapa ni kuunganisha kinyume: rubani anavuta kushoto, ndege inalalia kulia. Ndiyo maana utaratibu ulidai kazi ya fundi mmoja ikaguliwe na mwingine. Zinafuata bomba za mafuta, za maji ya kupoza injini, za haidroliki inayokunja na kukunjua magurudumu, na nyaya za umeme.

Sehemu ya nyuma ya Hurricane ilikuwa ya mabomba ya chuma na vipande vya mbao, ikavikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza kama ngozi ya ngoma. Ujenzi huo ulikuwa wa kizamani ukilinganishwa na Spitfire, ndege nyingine ya kivita ya Kiingereza yenye mwili wa bati tupu, lakini ulikuwa baraka kwa fundi wa mbali. Kitambaa kikichanika kinashonwa na kuzibwa. Bomba likipinda linabadilishwa. Hakuhitajiki kiwanda.

Ndege ikishakamilika kwa macho, bado haijakamilika. Inasukumwa hadi mahali palipowekewa alama za mielekeo, inazungushwa kidogo kidogo, na dira yake inasomwa kila inapoelekezwa. Chuma cha ndege yenyewe huvuta sindano ya dira, kwa hiyo kosa lake lazima lipimwe na kuandikwa kwenye kadi atakayokuwa nayo rubani. Kwa ndege inayokwenda kukata maelfu ya kilomita za pori na jangwa, kadi hiyo ndogo ni uhai. Halafu injini inawashwa na kusikilizwa, na rubani anaipandisha ndege kwa majaribio. Akirudi na orodha ya kasoro, mafundi wanaanza tena.

Yote haya yalifanyika chini ya jua na mvua za pwani ya Guinea, kwenye unyevu unaoozesha mpira na kutia ukungu kwenye vifaa, na malaria ikipunguza watu kila wiki. Mara nyingine ugonjwa ulikuwa kizuizi kikubwa kuliko ukosefu wa spana.

Na mikono ile haikuwa ya Waingereza peke yao. Mamia ya vibarua na mafundi wa Gold Coast walichimba, walijenga, walisukuma makasha na kushusha meli. Sekondi-Takoradi ulikuwa mji wa reli, na mji wa reli huzaa watu wanaoijua mashine: wahunzi, wafua vyuma, mafundi wa mvuke. Historia rasmi za Kiingereza zinawataja maofisa kwa majina na vyeo, kisha zinawapitia watu hawa kwa neno moja tu, wenyeji. Nalitaja jambo hili kwa uchungu, kwa sababu bila wao pasingekuwa na njia ya kurukia wala ghala.

Msafara

Kabla Septemba 1940 haijaisha, msafara wa kwanza uliondoka: Blenheim moja ikitangulia, Hurricane 6 zikiifuata. Mpangilio huo ulidumu kwa sababu ya msingi. Blenheim ilikuwa na mwelekezaji anayesoma ramani na kupiga hesabu za njia, ilhali rubani wa Hurricane alikuwa peke yake ndani ya kibanda chake na hakuwa na nafasi ya kutandaza ramani. Kazi yake ilikuwa kutoipoteza macho ndege iliyomtangulia. Blenheim ikipotea, wote wamepotea.

Kituo cha kwanza kilikuwa Lagos, kilomita 600 hivi kufuata pwani. Kutoka Lagos walikata kaskazini hadi Kano, zaidi ya kilomita 800 juu ya misitu inayopungua na kugeuka nyika. Kisha Maiduguri, kisha Fort Lamy nchini Chad, mji unaoitwa sasa N'Djamena. Halafu El Geneina, El Fasher na El Obeid katika Sudan, Khartoum, Wadi Halfa, na mwisho Misri. Safari ilichukua siku kadhaa. Masika yaliweza kugeuza viwanja tope. Miezi ya kiangazi upepo wa harmattan ulileta vumbi jembamba kutoka Sahara lililoficha ardhi kabisa. Aliyelazimika kutua kati ya vituo aliweza kuwa siku kadhaa kwa miguu kutoka kwenye maji.

Kwa hiyo kila kituo kilihitaji mafuta, vipuri, redio na mafundi wachache. Watu huzungumzia Takoradi kana kwamba ilikuwa kambi moja, lakini kwa kweli ilikuwa kichwa cha kambi nyingi ndogo zilizotandazwa kuvuka bara. Mafuta yenyewe yalikuwa kitendawili. Kuyafikisha Maiduguri au El Geneina, kwa reli pale ilipokuwapo na kwa malori pale ilipoishia, kulidai malori yanayokula sehemu ya mafuta yaliyoyabeba.

Marubani wengi wa kazi hii walikuwa Wapolandi. Nchi yao ilikuwa imetekwa tayari, wao wakakimbilia Uingereza, na kikosi chao kikaletwa Takoradi mwaka huohuo wa 1940. Walipeleka ndege Misri, wakarudishwa kwa ndege ya abiria, wakapewa nyingine. Hakuna nishani kubwa inayotolewa kwa kazi ya namna hiyo.

Chad: tundu lililoweza kuzamisha mtumbwi wote

Njia hii yote ilitegemea nchi moja ambayo haikuwa ya Uingereza. Majirani wa Gold Coast na Nigeria walikuwa makoloni ya Ufaransa, na baada ya Ufaransa kushindwa mengi yao yaliitii serikali ya Vichy iliyopatana na Wajerumani. Kama Chad nayo ingebaki upande huo, pengo kati ya Nigeria na Sudan lingekuwa kubwa mno kwa Hurricane.

Aliyeamua vinginevyo alikuwa Félix Éboué, gavana wa Chad, mtu mweusi aliyezaliwa Cayenne katika Guyana ya Ufaransa. Agosti 26, 1940 alitangaza kwamba Chad inamfuata de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokataa kusalimu amri. Linganisha tarehe: siku 2 tu baada ya lile kundi kubwa la askari 350 kufika Takoradi, na siku 10 kabla ya makasha ya kwanza. Alikuwa na sababu zake, za heshima na za kisiasa, na hakufanya hivyo kwa ajili ya Hurricane. Hata hivyo sioni mtu mwingine mmoja aliyeifaa njia ya Takoradi kuliko yeye. Alifariki Cairo mwaka 1944, katika mji ambao ndege zile zote zilikuwa zikiuendea, na mwaka 1949 akazikwa Panthéon mjini Paris, jengo wanamozikwa mashujaa wa Ufaransa.

Wajerumani nao waliiona thamani ya Fort Lamy. Januari 21, 1942 ndege yao moja aina ya Heinkel 111, ikitokea kiwanja cha siri kusini mwa Libya chini ya uongozi wa Theo Blaich, ilifika pale bila kutarajiwa, ikapiga mabomu na kuchoma akiba kubwa ya mafuta. Iliporudi iliishiwa mafuta yake yenyewe, ikatua jangwani, na watu wake wakaokolewa baada ya siku kadhaa. Njia haikukatika, lakini ilionekana wazi jinsi ilivyokuwa nyembamba.

Kufika si mwisho wa kazi

Hapa ndipo lilipo jibu kamili la swali la Churchill. Hurricane iliyotoka Takoradi ikafika Misri ilikuwa imekaa angani kwa saa 20 au zaidi, tena saa ngumu: joto, vumbi, viwanja vya mchanga. Matengenezo ya ndege hupangwa kwa saa za kuruka. Kuna ukaguzi wa kila siku, kuna unaofuata baada ya makumi ya saa, na kuna ule mkubwa ambao injini hushushwa. Ndege mpya kabisa iliyoingia Misri ilikuwa imeshakula sehemu nzuri ya saa zake kabla haijaona adui. Ni kama basi jipya lililotolewa bandarini na kuendeshwa barabara ya vumbi hadi mpakani: kabla ya kupakia abiria linaingia gereji.

Arthur Tedder aliyaona haya kwa macho yake. Desemba 1940, akienda kuwa naibu wa Longmore, alisafiri kwa njia hiyohiyo ya Takoradi. Mwaka 1941 yeye ndiye aliyerithi kiti cha Longmore, na mojawapo ya mambo aliyoyapigania ni kuyaondoa matengenezo kutoka kuwa shughuli ya nyuma na kuyafanya kamandi yenye mkuu wake. Aliletewa Graham Dawson kutoka wizara ya utengenezaji wa ndege, mtu wa pupa na asiyependa urasimu.

Dawson alichukua kila paa lililofaa. Gereji na karakana za mitaani Cairo zikawa sehemu za kufumulia injini. Kusini mwa mji kulikuwa na mapango ya Tura, yaliyochimbwa na Wamisri wa kale walipokuwa wakitoa mawe meupe ya chokaa ya kufunika piramidi. Mapango yale yakasafishwa, yakatiwa umeme na sakafu, yakawa ghala na karakana ambazo bomu haliwezi kuzifikia. Huko jangwani vikosi vya uokozi vilitembea na malori yenye kreni, vikiokota ndege zilizoanguka. Ile inayotengenezeka ilirudishwa nyuma, na isiyotengenezeka ikavuliwa kila kinachofaa. Propela ya ndege iliyokufa ilirudisha hewani ndege nyingine.

Adui mkubwa wa injini alikuwa mchanga. Injini huvuta hewa nyingi, na hewa ya jangwani ina chembe zinazosaga silinda na pistoni kama msasa. Ilibidi kila ndege ivikwe kichujio kikubwa chini ya pua. Kichujio kililinda injini lakini kiliiba mwendo, na dhidi ya ndege mpya za Kijerumani mwendo ulikuwa ndiyo roho. Mafundi wa Aboukir, karibu na Alexandria, walibuni kichujio chao kidogo zaidi cha Spitfire. Ni haohao ambao mwaka 1942 waliivua Spitfire silaha kadhaa na bamba za kinga ili iwe nyepesi, ipande juu kabisa kuzifukuza ndege za upelelezi za Kijerumani aina ya Junkers 86 zilizozoea kupita Misri mahali ambapo hakuna wa kuzifikia. Hayo hayakutoka London. Yalitoka kwa watu waliokuwa na tatizo mbele yao.

Njia inapanuka, kisha inafungwa

Mwaka 1941 ndege za Marekani zilianza kuja Takoradi kwa makasha, hasa Tomahawk. Zilikuja na matatizo mapya: spana za vipimo tofauti, vitabu vya maelekezo tofauti, vipuri visivyoingiliana na vya Kiingereza. Mwaka huohuo shirika la ndege la Marekani la Pan American liliunda tawi lake la Afrika, likiwa na makao Accra, na likachukua sehemu ya kazi ya kuendesha njia na kurudisha marubani. Wamarekani walileta fedha, matingatinga na redio. Viwanja vilivyokuwa vya nyasi na udongo vikaanza kupata lami na zege. Mwaka 1942 Spitfire nazo zikaungwa Takoradi na kupelekwa Misri.

Kuna uzi unaoiunganisha habari hii na Afrika Mashariki, na hautajwi vya kutosha. Mwaka 1940 brigedi ya Gold Coast ililetwa Kenya kupigana na Waitalia. Mwanzoni mwa 1941 askari hao walivuka Mto Juba, katika vita vilevile walimopigana askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo lugha yake ya kambini ilikuwa Kiswahili. Majeshi yaliyotoka Kenya yakaingia Addis Ababa Aprili 6, 1941. Siku 2 baadaye, kaskazini, majeshi mengine ya upande wao yakaichukua Massawa. Waitalia wakawa wamepoteza mlango wao wa Bahari ya Shamu, na mwezi huohuo Rais Roosevelt akatangaza kwamba bahari hiyo si eneo la vita tena, kwa hiyo meli za Marekani zinaruhusiwa kupita. Makasha ya ndege sasa yaliweza kushushwa Port Sudan na Suez moja kwa moja. Ushindi wa nchi kavu wa askari wa Kiafrika, pamoja na Wahindi na Waingereza waliopigana Eritrea, uliipunguzia Takoradi mzigo. Haukuiondoa kazini, maana meli zilikuwa chache na mwendo wa kuzunguka Rasi ulibaki uleule.

Kilichoifunga njia ni ushindi wenyewe. Mei 1943 majeshi ya Ujerumani na Italia yalisalimu amri Tunisia, na Mediterania ikafunguka tena kwa misafara ya meli. Kuanzia Septemba 1940 hadi shughuli zilipomalizika mwaka 1943, zaidi ya ndege 5,000 zilikuwa zimepita. Gawanya idadi hiyo kwa siku za kipindi hicho, nawe utapata ndege zaidi ya 4 kila siku, Jumapili zikiwamo, zikiondoka kwenye kiwanja ambacho kabla ya Thorold kilikuwa hakihesabiki.

Askari wa RAF walipoondoka, mji ulibaki na mabanda, barabara, njia ndefu ya kurukia, na watu waliojifunza kazi za mashine kwa kiwango ambacho ukoloni haukukusudia kuwapa. Miaka michache baadaye, Januari 1950, wafanyakazi wa reli wa Sekondi-Takoradi, Pobee Biney akiwa miongoni mwa viongozi wao, walikuwa mstari wa mbele katika mgomo wa kitaifa ulioitishwa na Kwame Nkrumah. Sisemi kambi ya ndege ndiyo iliyozaa mgomo huo, kwa kuwa umoja wa wafanyakazi wa reli ulianza kabla ya vita. Ila vita vilikuwa vimewaonyesha wakazi wa mji ule ni kiasi gani dola kubwa inategemea bandari yao.

Ghana huru ilipoanzisha jeshi lake la anga mwaka 1959, Takoradi ikawa moja ya vituo vyake vikuu, na hadi sasa ndiko marubani wanajeshi wa nchi hiyo wanakofunzwa kuruka. Tangu mafuta yaanze kuchimbwa kwa wingi baharini mwaka 2010, uwanja huohuo unatumika pia na helikopta zinazowapeleka wafanyakazi kwenye majukwaa ya visima, na mafundi wake hufanya ukaguzi wao kwa saa za kuruka, katika hewa ileile ya chumvi iliyowasumbua watu wa 1940.